Nyumba ya Bei Nafuu Chilanje

Somoe Jafari alitoka eda siku ya Alhamisi, na Jumamosi yake watoto wa marehemu wakafika.

Walikuwa watatu, wote wa mke wa kwanza aliyefariki zamani. Mkubwa, Hemedi, alikuwa na kazi Dodoma. Latifa aliolewa Dar es Salaam. Wa mwisho alikuja kwa sababu wenzake wamekuja, na siku nzima aliwaachia wao mazungumzo. Walimkuta Somoe ukumbini katika nyumba ya Shangani, mtaa wa mji wa bandari kusini, nyumba ya vyumba vinne ambayo mumewe, Mzee Bakari, aliijenga enzi za ukarani wake bandarini. Somoe aliingia humo akiwa na miaka thelathini na tisa, mwanamke aliyekwisha kuachika mara moja, bila mtoto. Sasa alikuwa na hamsini na saba. Miaka sita ya mwisho Mzee Bakari aliimaliza kitandani kwa kiharusi, na Somoe ndiye aliyekuwa akimgeuza ubavu, akimnywesha uji kwa kijiko, akimtazama uso kujua kama anataka maji au anataka kujisaidia.

"Shikamoo, mama mdogo," Hemedi akamwamkia.

"Marahaba, baba. Mmefika salama?"

"Salama, alhamdulillahi." Hemedi alikaa, akatoa karatasi kwenye bahasha, akaiweka gotini bila kuifungua. "Mama mdogo, tumeshauriana. Nyumba haigawiki. Itauzwa, kila mtu apate fungu lake kwa sheria. Wewe una thumni yako. Hiyo ni haki yako, hatuigusi."

"Thumni," Somoe akasema.

"Sehemu moja katika nane."

"Najua thumni ni nini."

Latifa alikuwa anayatazama mapazia. "Haraka haipo kabisa, mama mdogo," alisema. "Mnunuzi anaitaka mwisho wa mwezi."

Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na nane.

Somoe hakubisha. Sheria ni ya Mungu na hakuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wake ulikuwa na ile tarehe, na jinsi Latifa alivyokwenda jikoni jioni ile akafungua friji, akaifunga, kisha akakumbusha kwa upole kwamba friji aliinunua yeye. Wiki mbili baadaye Somoe alitia sahihi mahali patatu, akapewa milioni sita, akabeba sanduku lake la bati, jiko la mkaa na kikaango cha vitumbua, akahamia kwa Farida.

Farida alikuwa binti wa kaka yake. Aliishi Magomeni, mtaa mwingine wa mji uleule, na mumewe na watoto wanne katika vyumba viwili vya kupanga, choo kimoja kwa familia tano. Somoe alilala na watoto. Mume wa Farida alikuwa mtu wa adabu. Kila asubuhi alimwuliza shangazi ameamkaje. Lakini Somoe alimwona jinsi anavyosimama uani na taulo begani, akimsubiri mama mtu mzima atoke bafuni, akijifanya anaangalia simu.

"Shangazi, panga chumba hapahapa mtaani," Farida alimshauri. "Utakuwa karibu nasi."

"Nikipanga, hela itaisha kabla yangu," Somoe akajibu. "Kila mwaka mwenye nyumba anapandisha. Nikifika sabini nitakuwa nimekula kodi yote, halafu nirudi kulala na wanao? Nataka kwangu, Farida. Hata pawe padogo."

Ndivyo alivyoanza kutafuta mji. Alijua anachotaka: mji mdogo wenye msikiti na zahanati, wenye watu wa kutosha kununua vitumbua asubuhi, nyumba iwe ya bei anayoiweza, na mwanamke aweze kulala peke yake bila kuvunjiwa mlango. Hakuona kama ni makubwa.

Alianzia Mikindani kwa sababu ni karibu na alipapenda tangu utotoni. Dalali aliyempeleka aliitwa Erasto, mtu wa makamo mwenye simu mbili na begi la karatasi ambalo hakulifungua hata mara moja. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mawe, ya zamani, na bei yake ilikuwa mara tatu ya hela yote ya Somoe.

"Hiyo wanainunua wageni," Erasto akakiri. "Nilitaka uione tu."

"Kwa nini nione nisichoweza kununua?"

Nyumba ya pili aliiweza. Ilikuwa juu kidogo, kwenye mteremko, ina ufa ukutani lakini paa zima. Somoe alianza kupanga moyoni jiko litakaa wapi. Halafu akauliza mwenyewe ni nani.

"Ni ya urithi," Erasto akasema. "Warithi kumi na mmoja. Wanane wamekubali. Watatu wako Unguja, lakini hao si tatizo."

Somoe alimtazama, akaokota mkoba wake. Walipofika barabarani alimwambia kwamba atarudi mjini mwenyewe.

Baada ya mwezi akaenda Nanyamba, kwa Asumini, aliyekuwa jirani yake Shangani kabla mumewe mwalimu hajastaafu na kurudi kwao. Nanyamba ilimpendeza: upepo wa juu, soko lenye watu, nyumba za tofali zenye nafasi katikati. Ilipatikana nyumba ya vyumba viwili pembezoni kwa milioni tano na nusu, na mwenyewe alikuwa tayari kushuka. Somoe alikaa kwa Asumini siku tatu akiichunguza. Siku ya kwanza aligundua maji ni ya kununua kwa ndoo na wakati wa kiangazi ndoo hupanda bei. Hilo angelivumilia. Siku ya tatu, mwanamke wa nyumba ya pili alimwita kando ya ua.

"Wamekuambia kwamba imevunjwa?"

"Nini imevunjwa?"

"Hiyo nyumba. Mara mbili. Msimu wa korosho watu wakilipwa, wezi wanatoka hata kusikojulikana. Aliyekuwa akikaa humo alipigwa panga la mkono." Alimtazama Somoe juu mpaka chini. "Una mume?"

"Amefariki."

"Basi ungefuga mbwa."

Somoe alirudi Magomeni akiwa amechoka kuliko alivyochoka siku ya mazishi. Alimsimulia Farida yote asubuhi ya pili yake, wakiwa kibarazani, yeye akimimina unga kwenye kikaango, Farida akichanganya uji wa watoto. Mbele yao kulikuwa na pagala, nyumba ya mtu wa Dar ambayo haikuwahi kuezekwa yote, na humo waliishi mume na mke waliopewa kulinda matofali. Mke aliitwa Tabu. Kila asubuhi alikuja kununua vitumbua viwili, kimoja chake na kimoja cha mumewe, Salumu. Siku hiyo alikuwa amesimama pale akisubiri viive, na aliyasikia yote.

"Sisi tunayo nyumba," Tabu akasema.

"Wapi?" Somoe akauliza.

"Chilanje."

Farida aliacha kukoroga.

Chilanje ni kijiji kilichoko kusini, karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini, mto ukiwa umepanuka na mikoko imeshika kingo zote mbili. Watu wake walilima mpunga bondeni, muhogo na korosho juu. Miaka miwili kabla ya asubuhi ile, watu wenye silaha walivuka kutoka ng'ambo, wakachoma nyumba zote za upande wa chini, wakaua watu tisa, wakaondoka na vijana sita. Mmoja wa vijana hao alikuwa Jumanne, mtoto pekee wa Salumu na Tabu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Baada ya siku ile Chilanje ilihama karibu yote.

"Sasa kuna kambi ya askari," Tabu aliendelea, kana kwamba anazungumzia kijiji cha watu wengine. "Shule imefunguliwa. Nyumba yetu iko juu, haikuungua. Vyumba vitatu, bati, kisima uani. Mikorosho ishirini na minne nyuma."

"Mbona hamrudi?" Farida akauliza.

Tabu alipokea vitumbua vyake. "Mume wangu hawezi," akasema.

Somoe hakulala vizuri siku hizo. Aliuliza watu. Dereva wa bodaboda anayepeleka mizigo kusini alimwambia pametulia, ni mwaka na zaidi hapajatokea jambo. Muuguzi aliyekuwa akienda kule mara mbili kwa wiki alimwambia vivyo hivyo. Farida alilia. Alisema watu watafikiri wamemfukuza shangazi yao akafie mpakani. Somoe alimsikiliza, na alipomaliza alimwambia kwamba Shangani palikuwa salama sana, na hata hivyo alitolewa, bila mtu yeyote kuvuka mto.

Alikwenda kuiona akiwa na Salumu, pikipiki mbili. Kabla ya kijiji kulikuwa na kizuizi cha askari. Somoe alionyesha kitambulisho. Salumu alishuka, akasimama pembeni ya barabara, akatoa ufunguo mfukoni.

"Mimi naishia hapa, dada yangu," alisema. "Nyumba ni ya nne kushoto ukishapita msikiti. Kitasa kigumu, uvute mlango kwako kwanza."

Aliuvuta mlango kwake kwanza, ukafunguka. Ndani palinuka popo na vumbi, lakini kuta zilikuwa nzima. Kisima kilikuwa na maji matamu. Katika chumba kidogo alikuta daftari za shule, jezi ya mpira na shuka lililoliwa na panya. Alisimama uani, akasikia kimya cha mahali pale, na kwa mara ya kwanza tangu eda alihisi mabega yake yakishuka.

Salumu alikuwa ametaja milioni mbili. Aliporudi kwenye kizuizi Somoe alimkuta palepale alipomwacha.

"Nyumba ni nzuri," akamwambia. "Lakini kaka yangu, nani mwingine atanunua Chilanje?"

Salumu aliinamisha kichwa.

"Nina milioni moja na laki sita," Somoe akasema. Alikuwa na zaidi ya hiyo, benki.

Waliandikiana ofisi ya serikali ya mtaa, Magomeni, mbele ya mashahidi, kila kitu kwa utaratibu. Tabu aliweka dole gumba. Somoe alimkabidhi kiroba chenye daftari na jezi alivyovikuta chumbani. Tabu akavitoa kimoja kimoja.

"Na viatu vya mpira?" akauliza. "Vyeusi, vya kamba."

"Sikuviona."

"Basi alivivaa," Tabu akasema, akafunga kiroba.

Somoe alihamia Chilanje mwezi wa sita. Alibadilisha bati nne zilizotoboka, akapaka chokaa, akapaka mlango rangi ya kijani. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mmoja aliyeitwa Andrea, aliipokea barua yake ya utambulisho kwa mikono miwili, maana hakuwahi kupokea barua ya mtu anayehamia tangu siku ile. Askari wakawa wateja wake wa kwanza. Baada yao wakaja walimu wawili, kisha familia zilizoanza kurudi mojamoja. Mikorosho ilizaa. Usiku alisikia viboko bondeni, na hakusikia kitu kingine. Wezi hawakuja Chilanje; hapakuwa na cha kuiba.

"Nimepata, Farida," alisema kwenye simu. "Mwambie mumeo aoge kwa nafasi."

Alikuwa na furaha karibu miaka miwili. Nalisema hilo kwa sababu waliomfahamu baadaye hawaamini.

Salumu na Tabu walirudi wakati wa kuvuna mpunga. Walikuja asubuhi, wana godoro lililofungwa kamba na sufuria mbili, wakaketi nje ya ua mpaka Somoe alipomaliza kuuza. Ndipo Tabu akapiga hodi.

"Karibuni," Somoe akasema. "Karibuni ndani."

Hawakuingia. Tabu alikuwa anautazama mlango.

"Umepaka rangi," akasema.

"Ulikuwa umeliwa na mchwa."

Salumu alikohoa. Alikuwa amekonda sana. "Dada yangu, hatukuja kwa shari. Mtu mmoja aliyekuwa amechukuliwa, wa kijiji cha pili, amerudi. Ametembea kwa miguu, akavuka mto, akaja moja kwa moja kwao. Anasema wako wengine waliotoroka. Mke wangu toka asikie hivyo halali."

"Akirudi, atarudi hapa," Tabu akasema. "Magomeni hapajui. Hapa ndipo anapopajua."

"Tuna laki saba," Salumu akasema. "Nyingine tutakulipa kidogokidogo. Utuuzie nyumba."

Somoe aliitazama mikono yake, ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. "Na mimi niende wapi?" akauliza.

Salumu alikaza kamba ya godoro.

"Bati nimebadilisha mimi. Kuta nimezipaka mimi. Hela iliyobaki hainunui nyumba nyingine. Mniambie, nikitoka hapa niende wapi, nianze tena Mikindani? Mimi pia nilitolewa kwangu. Hakuna aliyeniuliza kama nalala."

"Wewe ulilipwa," Tabu akasema.

"Na ninyi niliwalipa."

"Ndiyo," Tabu akasema. "Ulitulipa."

Neno hilo Somoe alikwenda nalo siku nyingi. Aliwaambia watu kwamba Tabu alimtukana, lakini alipoulizwa tusi lenyewe lilikuwa lipi hakuweza kulieleza.

Jambo lilifika kwa Mzee Andrea. Watu walikaa mbele ya ofisi ya kijiji, karatasi ikasomwa kwa sauti, sahihi na dole gumba zikaonyeshwa. Mzee Andrea alisema mauziano ni halali na hakuna anayeweza kuyavunja. Bei ilisomwa pia. Ilipotajwa, wanawake waliokaa nyuma waligeuka kutazamana, na Somoe akaona. Salumu aliomba kusema. "Hatukuja kudai," alisema. "Tulikuja kuomba." Kisha akakaa.

Walipewa kipande ng'ambo ya njia, mkabala na nyumba. Salumu alijenga kibanda cha miti na udongo, akakiezeka makuti, na mlango wake ukatazamana na mlango wa kijani. Kila asubuhi Tabu alifagia njia. Hakuvuka kuingia upande wa Somoe. Alifagia mpaka usawa wa ua wake, akaishia hapo. Mtu yeyote aliyetokea upande wa mto Tabu alimwona kwanza, akasimama na ufagio mkononi mpaka uso wa mtu huyo uonekane, ndipo akaendelea kufagia.

Wateja walipungua. Hakuna aliyemtukana Somoe. Walimwamkia, wakamwuliza hali, na vitumbua wakanunua kwa mama mwingine karibu na shule, aliyekuwa akiviunguza. Askari tu ndio waliobaki kwake, na walimu.

Ramadhani ilipoingia, Somoe alipika tambi na maharage ya nazi, akajaza bakuli, akalivusha njia mwenyewe. Tabu alilipokea. Kesho yake alilirudisha limeoshwa, ndani kuna muhogo wa kuchemsha.

"Ingia, tufuturu pamoja," Somoe akamwambia.

"Hapa panatosha," Tabu akasema, akaweka bakuli juu ya kizingiti.

Iliendelea hivyo mwezi mzima, bakuli likienda na kurudi, na katika siku thelathini wale wanawake wawili hawakuzungumza maneno yanayozidi hayo. Somoe alijiona ametenda wema na wema wake hautakiwi. Alikasirika. Alimwambia Farida kwenye simu kwamba watu wa kule wana roho ngumu. Farida alimwambia arudi Magomeni. Somoe akamwuliza alale wapi, na Farida akakawia kujibu, na katika kukawia huko wote wawili wakajua.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Mto ulipanda mpaka mashamba ya bondeni, na kibanda cha Salumu kikaanza kumomonyoka upande mmoja, kisha ukuta ukaanguka wote asubuhi moja wakiwa nje. Salumu alikuwa na kikohozi kisichoisha. Somoe alitoka na kanga kichwani, akavuka tope.

"Njooni ndani," alisema. "Kuna chumba. Mle ndani mlemle, kile kidogo. Kodi sitaki. Kaeni mpaka mvua zikatike."

Salumu alimtazama mkewe. Ilionekana wazi kwamba yeye angekubali.

Tabu alikuwa anakamua maji kwenye blanketi. "Chumba cha Jumanne," akasema.

"Ndiyo."

"Nilale chumba cha mwanangu kwa hisani yako."

"Unataka nisemeje, Tabu? Niambie nisemeje, niseme."

Tabu alilikunja blanketi. Walilala msikitini siku tatu. Mdogo wake Salumu aliyekuwa Masasi alituma nauli, akasema waje, dawa zipo huko na nyumba ipo. Siku ya nne mvua ikapumzika, na pikipiki ikaja kuwachukua. Salumu alipandishwa kwanza, amefungwa shuka kifuani. Tabu aliiambia pikipiki isubiri, akavuka njia, na kwa mara ya kwanza tangu arudi Chilanje akaingia ndani ya ua, akapita kisimani, akafika mlangoni.

"Una mkaa?" akamwuliza Somoe.

Somoe alimpa kipande kutoka jikoni. Tabu aliingia ndani, akausukuma mlango ukafungika, na upande wa nyuma, ambao Somoe hakuupaka rangi, akaandika namba ya simu. Aliandika polepole, kwa tarakimu kubwa. Alikuwa mtu asiyejua kuandika jina lake, lakini namba aliijua.

"Ya shemeji yangu," akasema. "Mimi simu sina."

"Nitaitunza."

"Akija mtu," Tabu akasema, "hata akiwa amebadilika. Hata akiwa na ndevu, au amevaa vibaya, au anaongea lugha ya kule. Usimwambie amekosea nyumba. Mwambie aingie, kisha upige."

"Nitamwambia aingie."

Tabu aliitikia kwa kichwa. Hakuaga. Pikipiki iliteleza mara mbili kwenye tope kabla ya kupata njia, ikapita msikiti, ikapita kizuizi.

Wateja walirudi baadaye, si wote. Kijiji kimejaa kidogo. Mwaka jana familia mbili kutoka mjini zilikuja kuuliza viwanja, maana wamesikia Chilanje ni rahisi na hakuna wizi, na Mzee Andrea aliwaelekeza kwa Somoe wamwulize maisha yakoje. Aliwaambia maji yapo na zahanati iko wazi siku mbili kwa wiki. Walipouliza juu ya vile viwanja vya chini, vyenye misingi iliyoungua, aliwaambia wamtafute mwenyewe popote alipo wamlipe bei yake yote, wasipunguze hata mia. Walimwona mama mkali. Hawakurudi.

Ile namba ameipiga mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa Salumu yuko hospitali. Mara ya pili alipokea mwanamke asiyemjua, akasema Tabu amekwenda kuteka maji, atamwambia. Mara ya tatu ilikuwa haipatikani, na mpaka sasa haipatikani. Ameinakili kwenye karatasi kwa sababu mkaa unafutika, na ya mlangoni huwa anaipitia upya kwa mkaa kila inapofifia.

Farida humpigia Ijumaa baada ya swala. Humwuliza kama anaogopa. Somoe husema haogopi, askari wapo. Jua likizama anaingia ndani, anavuta mlango kwake kwanza, kisha anaufunga kwa komeo na kuuegemezea mchi wa kinu, na anaogopa. Hodi ikipigwa hufika haraka mlangoni, lakini kwanza huchungulia kwenye ufa wa chini, aone viatu.